CTC ya kila kitu siku moja, CTC ya rufaa, au kuchukua dawa tu: wewe wa Mwanza na visiwani uchague ipi?

Juzi nilikuwa Mwaloni pale Kirumba natafuta dagaa, nikakutana na dada mmoja wa Kayenze ambaye tunajuana kwa mambo ya kliniki za tiba na matunzo ya VVU, hizi tunazoziita CTC. Kanivuta nyuma ya magunia, kashusha sauti, "Dada, mi nataka kuhama kliniki, wewe unayezijua hizi CTC niambie niende wapi." Namuuliza kwani hapo ulipo kuna nini, wamekusema vibaya? Akasema hapana, hawajanisema, ila kila nikienda napewa karatasi. Akafungua pochi akazitoa, ziko tatu, ya kwenda kupima shingo ya kizazi, ya makohozi, na ya kuonana na daktari wa presha, zimekunjwa mara nne nne na moja imelowa maji ya samaki mpaka mwandiko hausomeki. Ile ya zamani kuliko zote ina mwaka na miezi. Hajaenda hata moja.

Hili swali la kuhama naulizwa sana, kwa hiyo nimeona niliandike lote kwa mara moja. Mi mwenyewe niko kwenye dawa za VVU tangu 2012, na miaka kadhaa nimekuwa WAVIU mshauri, yaani mwenye VVU anayewashauri wenzake, nimekaa mabenchi ya mjini, ya vijijini na ya huku ziwani. Sitataja kituo kwa jina, maana kituo ni watu, mganga mfawidhi akihamishwa unaweza kukuta mambo yote yamegeuka. Nalinganisha mipangilio, we ndo utaangalia cha kwenu kinafanana na upi.

Mipangilio niliyoiona ni mitatu. Wa kwanza ni wa kila kitu hapa hapa: unafika, unapimwa uzito na presha, unaulizwa maswali ya TB, mwanamke anaingia chumba cha jirani anapimwa shingo ya kizazi, unakaa na mshauri, unachukua dawa, unaondoka. Wa pili ni wa rufaa, CTC inakupa dawa na kukuchukua damu ya wingi wa virusi, mengine yote unaandikiwa uende jengo lingine au hospitali nyingine siku nyingine. Wa tatu ni wa kuchukua dawa tu, yaani umeshafubaza virusi, dawa zimevishusha mpaka havionekani kwenye kipimo, uko imara, unapewa za miezi mitatu au sita, au kikundi chenu kinamtuma mmoja awachukulie wote, au wahudumu wanawafuata kwenye kambi za uvuvi.

Kwanza, hayo mengine tunapimwa ya nini

Wengi wananiambia, mi virusi vyangu havionekani, niacheni nichukue dawa niende zangu. Nawaelewa. Na ni kweli, ukimeza dawa vizuri virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana, hilo nalisema kwa sauti kila ninapopata nafasi. Ila kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu virusi tu, hakijui shingo ya kizazi ikoje, hakijui mapafu, hakijui presha. TB mpaka leo ndo inaongoza duniani kwa kuua watu wenye VVU. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano kama mara 6 wa kupata saratani ya shingo ya kizazi kuliko asiye na VVU, na saratani yenyewe ndo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema sisi tuanze kupimwa tukiwa na miaka 25 wakati wengine wanaanzia 30. Halafu tunazeeka, tunamshukuru Mungu, watu tulioambiwa hatutamaliza mwaka leo tuna wajukuu, na umri unakuja na presha na sukari kama kwa mtu yeyote.

Na kuchanganya huduma si jambo la kuletewa kutoka mbali, limeshafanyiwa kazi hapa hapa mkoa wa Mwanza. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walichukua jamii 12 za vijijini, nusu yake wakaimarisha vituo vyao vya afya na zahanati kwenye kutibu magonjwa ya zinaa, wakafundisha watumishi, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawa wanakuja kukagua. Maambukizi mapya ya VVU kwenye zile jamii yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na zile nyingine, matokeo yakatoka 1995. Hawakujenga hospitali. Zahanati iliyokuwepo ndo ilipewa kazi moja zaidi na vifaa vya kuifanyia. Kwa hiyo mtu akiniambia zahanati ndogo haiwezi kuunganisha huduma, mi siwezi kukubaliana naye.

Muda na nauli

Hapa kila mtu anadhani kliniki ya kila kitu ndo inakula muda, na ukiangalia siku moja ni kweli, ukifika saa mbili asubuhi unaweza kutoka saa nane, na kama mhudumu wa chumba cha shingo ya kizazi ni mmoja basi mnasubiri. Ya rufaa unatoka saa nne uko na dawa zako. Lakini hebu hesabu karatasi za yule dada: tatu, kila moja siku yake, kila moja nauli ya kutoka Kayenze kwenda na kurudi, na kila siku anayoondoka dagaa wake wanabaki kwenye vichanja bila mtu wa kuwageuza, mvua ikinyesha wameharibika. Ukijumlisha, rufaa ni ghali kuliko foleni. Sema gharama yake haionekani kwa sababu mtu haendi kabisa, nauli anaiokoa na ugonjwa anabaki nao.

Kwa watu wa Ukerewe, Kome na visiwa vidogo vidogo hesabu ni kali zaidi, unasubiri chombo, ziwa likichafuka unalala ng'ambo. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kabla ya hapo ilikuwa kukaa foleni ya kivuko. Kwa mtu wa kisiwani mpangilio wa tatu, dawa za miezi sita, ni mkombozi, hapo sina ubishi.

Kitu ambacho naomba wahudumu wanielewe, na wewe mteja ukiseme usiogope: kalenda yetu huku ni mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawaji kwenye taa, mitumbwi inapumzika. Mvuvi ukimpangia tarehe ya kliniki kwenye giza unampangia asije, na mama anayeanika dagaa vile vile. Mpangie mbalamwezi, atakaa hata hiyo siku nzima bila kulalamika.

Majibu na tiba, hapa ndo tofauti ilipo

Nimeshapimwa shingo ya kizazi mwenyewe. Kwa siki ni kitu cha muda mfupi, unalala, nesi anaingiza kifaa cha kupanulia, anapaka siki kwa pamba, harufu unaisikia kabisa, anasubiri kama dakika moja anaangalia kwa taa, palipobadilika kuwa peupe ndo pana shida. Kwenye kliniki ya kila kitu, mwaka mmoja nilikutwa na weupe. Nesi akaniambia, "Mama, hii si saratani, ni mabadiliko ya mwanzo, nikikutibu sasa hivi hatutaiacha ifike huko, uko tayari?" Nikamjibu, "Nitibu mwanangu." Kuchoma kwa joto, dakika chache, maumivu kama ya hedhi yenye kubana, nikaambiwa nitatokwa majimaji kwa wiki kadhaa na nisikutane na mume kwa mwezi mmoja, na baada ya miezi 12 nirudi kuangaliwa. Nilirudi, iko safi. Saa nane mchana ile ile nilikuwa stendi nasubiri daladala.

Sasa chukua mtu yule yule kwenye mpangilio wa rufaa. Anapimwa kituo kingine, anaambiwa ana mabadiliko, mashine ya pale mbovu au mhusika yuko semina, rudi Alhamisi. Anarudi Alhamisi. Majibu yameandikwa kwenye daftari la huko, faili lake la CTC halijui lolote, miezi sita baadaye daktari wake anamuuliza umeshapima? Nimewaona wa namna hii wengi mno, na wapo wawili niliowasindikiza baadaye hospitali ya Bugando kwenye mionzi ya saratani, ambao walikuwa na karatasi ya rufaa nyumbani muda wote.

Niwe mkweli pia, kuna vitu lazima viende rufaa hata kwenye kliniki nzuri kiasi gani. Doa likiwa kubwa, au mhudumu akihisi ni saratani yenyewe, hapo ni hospitali kubwa, kukatwa kinyama na kupimwa. Na kile kipimo kingine cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ambacho unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, majibu yake mara nyingi hayatoki papo hapo, kwa hiyo ukipimwa hicho hakikisha wana namba yako ya simu na uulize nani atakupigia. Ila rufaa moja yenye sababu na karatasi tatu za kila mwaka ni vitu viwili tofauti.

TB nayo ina kisa chake. Maswali ni manne tu: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kuna kituo nilikuwa nakwenda zamani, yule aliyekuwa anauliza alikuwa anaandika kwenye faili huku anasema kikohozi-homa-jasho-uzito-hakuna-eh, kwa pumzi moja, na kabla hujafungua mdomo ameshajaza hapana nne. Mwenzangu wa benchi moja alijaziwa hapana hivyo hivyo mara tatu, mara ya nne akaletwa amebebwa. Kwenye kliniki nyingine nesi ananiangalia usoni, "Shikamoo mama. Usiku shuka linalowa? Gauni hili lilikuwa linakubana, mbona sasa linacheza?" Ni maswali yale yale manne. Huyo wa pili akisikia ndiyo, kikopo cha makohozi anakitoa pale pale. Na kama huna dalili, uliza kuhusu dawa za kinga ya TB, kuna za kumeza kila siku miezi 6 na kuna za mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wengi wa mpangilio wa tatu wamepitwa nazo kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuwaambia.

Kichocho, maana tuko ziwani

Hili sioni likitajwa vya kutosha. Kuna kichocho cha mkojo, kile cha kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga kule Misungwi, Kwimba na kwingine, ambacho mayai yake yanakwenda kukaa kwenye shingo ya kizazi na uke. Dalili zake ni kutokwa uchafu, damu baada ya tendo, maumivu ya chini ya kitovu. Mwanamke akienda nazo anaambiwa ni magonjwa ya zinaa, anapewa dawa za zinaa, hazimsaidii, anarudi, anapewa tena, na nyumbani ndoa inatikisika maana mume anauliza umeyatoa wapi. Kumbe ni maji ya jarubani. Yule anayekupima kwa siki, kama amefundishwa, anaweza kuyaona yale madoa kama punje za mchanga, na dawa yake ni prazikwanteli. Kwa hiyo kupimwa shingo ya kizazi na mtu anayejua pia umekulia wapi na unalima nini kuna maana. Mwambie hata asipokuuliza: nimekulia majarubani.

Siri

Hapa watu wanatofautiana na mi sitamlazimisha mtu. Wapo wanaopenda jengo la CTC lililojitenga, ukifika wote mko sawa, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Wapo wanaosema lile jengo lenyewe ndo tangazo, ukionekana unaingia mtaa mzima unajua, bora ukae benchi moja na wenye presha na sukari, nani atajua wewe umefuata nini. Kuna utafiti wa Tanzania na Uganda uliotoka 2023 ulijaribu hilo, wenye VVU, sukari na presha kutibiwa kliniki moja, na kufubaa kwa virusi kwa wenye VVU hakukuharibika, kulibaki juu vile vile. Kwa hiyo kuchanganywa hakukudhuru kwenye tiba.

Ila angalia mambo madogo. Niliwahi kukaa kliniki ya kila kitu ambayo mtu anasimama mlangoni anatangaza, "Wa shingo ya kizazi mstari huku, wa kurudisha majibu kule!" Na chumba cha ushauri kina pazia tu, unamsikia wa ndani analia. Hapo siri iko wapi. Na kambini wahudumu wakija na gari lenye maandishi, kisiwa chenye nyumba arobaini, kila mtu anahesabu nani kaenda kwenye gari. Kabla hujahama nenda kakae benchi la huko nusu saa, utaona.

Ushauri

Ushauri mzuri unahitaji mtu yule yule. Si kila miezi mitatu uanze upya kumweleza mtu mpya kwamba mume hajui, kwamba unanywa, kwamba ulipigwa. Kwenye mpangilio wa kwanza mshauri anakuona na presha yako na uzito wako mbele yake, anaweza kuunganisha, mama umepungua kilo nne na presha imepanda, nyumbani kuko salama? Swali kama hilo limetoa watu kwenye nyumba za mateso. Kwenye ya rufaa kila chumba kinajua kipande chake. Kwenye ya kuchukua dawa tu, hakuna anayekuona kabisa. Kuna kaka mmoja mvuvi, miaka mitatu alikuwa anachukuliwa dawa na mwenzake wa kikundi, virusi safi, wote tukawa tunamsifia. Siku amekuja mwenyewe nesi akamvalisha mkanda wa presha, ikasoma 190 kwa 120, wakamkalisha, wakarudia, ile ile. Hakuwa anaumwa popote, na kumbe alikuwa ameanza pombe kali kila usiku tangu mke aondoke. Dawa za VVU zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Na mwaka 2025 fedha za msaada za Marekani zilipotikisika, mabenchi niliyoyajua mimi yalipoteza washauri waliokuwa wanalipwa na miradi. Kliniki ambako ushauri na vipimo vilikuwa kazi ya kawaida ya nesi wa serikali zilipepesuka zikasimama. Zile ambako kila huduma ilikuwa na mtu wake wa mradi, vyumba vilifungwa. Kwa hiyo ukiuliza huduma, uliza pia anayeifanya ni mwajiriwa wa kituo au la.

Sasa uchague ipi

Kama ndo umeanza dawa, au virusi bado viko juu, au una mimba, unanyonyesha, una TB, usikae mpangilio wa tatu hata ukipewa, tafuta wa kwanza, hata ukiwa mbali. Mwanamke wa miaka 25 na kuendelea ambaye hajawahi kupimwa shingo ya kizazi, wa kwanza. Una zaidi ya miaka 40 na hujui presha yako, wa kwanza.

Kama uko imara na uko kisiwani au kazi yako haikuruhusu, mi nakwambia changanya: dawa za miezi sita, na katika safari mbili za mwaka moja iwe siku ndefu, siku ya kila kitu, damu ya wingi wa virusi, siki, presha, sukari, TB, uzazi wa mpango, na kukaa na mshauri mlango umefungwa. Ile nyingine iwe ya kuchukua na kuondoka. Huu ndo mpangilio ninaoutumia mwenyewe.

Wa rufaa ubaki nao kama majengo yote yako ndani ya uzio mmoja na kuna mtu anayekushika mkono kukupeleka chumba hadi chumba, kuna vituo wanafanya hivyo na unafanya kazi karibu sawa na wa kwanza. Kama rufaa maana yake ni karatasi na "nenda", tafuta kwingine. Ukihama omba barua ya uhamisho, usihame kimya kimya ukaanza upya kama mgeni, historia yako ya vipimo inapotea, na omba wakupe dawa za kukufikisha kule ili usikatize.

Pale mapokezi ya huko unakotaka kwenda uliza hivi: shingo ya kizazi mnapima siku zote za kliniki au siku moja kwa wiki? Mkikuta tatizo mnatibu hapo hapo? Majibu yanaingia kwenye faili langu la CTC? Wakijibu ndiyo kwa yote matatu, kaa.

Yule dada wa Kayenze mwishoni hakuhama. Nilimsindikiza kwenye kliniki yake hiyo hiyo, tukaongea na nesi wa zamu, kumbe chumba cha kupimia kipo nyuma ya wodi ya wazazi na kinafunguliwa Jumanne, ila yeye siku zote tarehe zake zinaangukia Ijumaa na hakuna aliyemwambia. Wamembadilishia, Jumanne ya mbalamwezi ijayo, vipimo vyote vitatu siku moja na dawa za miezi sita. Ameniuliza zile karatasi azitupe. Nimemwambia aende nazo zote, hata ile iliyolowa.